Makava ya santuri za zamani: kwa nini jicho haliyaachi?

#1 MchoraMabango (Ngarenaro)
Wakuu, salamu. Kazi yangu ni kutengeneza mabango na makava ya nyimbo za mtandaoni: kwaya, Bongo Fleva, singeli, yeyote anayekuja. Nina kompyuta nzuri na programu ya picha yenye rangi za kila aina. Lakini nikiweka kava langu bora kando ya kava la LP (santuri kubwa) la miaka ya 70, langu linazimika. Sizungumzii muziki. Nazungumzia picha tu, hata ya msanii nisiyemjua, anayeimba lugha nisiyoielewa.

Nasema hivi: kava la santuri la zamani linalipita kwa mbali karibu kila kava linalotengenezwa leo, na ukale wake peke yake hauelezi jambo hilo. Mwenye sababu aiweke hapa. Na mwenye makava nyumbani, Arusha au Moshi, atuambie analipenda lipi na lina nini.

#2 Mangi_wa_Pasua
Mada tamu. Naweka kambi.

#3 Kipimo
Ukubwa tu, mkuu, usijisumbue. LP ni inchi 12, kava lake ni kama sentimita 31 kila upande. Kava la CD ni sentimita 12. Ukipiga hesabu ya eneo, la LP ni karibu mara saba. Wewe unachora kitu kitakachoonekana kwenye simu kwa ukubwa wa stempu. Ndiyo maana makava ya leo ni uso mmoja mkubwa na herufi tatu nene, kwa sababu kingine chochote hakitaonekana. Mchoraji wa zamani alijua mtu atalishika kava kwa mikono miwili na kulilaza mapajani, akaweka vitu vya kutafutwa.

#4 BabuWaKaloleni
Ukubwa hautoshi, mjukuu wangu. Kalenda ni kubwa kuliko kava na mwaka ukiisha inafungiwa maandazi.

Ninyi mmezaliwa picha zipo. Sisi Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Redio ilikuletea sauti. Sura ya mwimbaji ungeiona wapi? Tulimsikiliza Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani, miaka na miaka, tukimwimba kama jirani, na wengi hawakujua kama ni mnene au mwembamba. Siku mwenye radiogramu (redio yenye mashine ya santuri) akileta LP yenye picha, watu walikuwa wanakuja kutazama kwanza, kusikiliza baadaye.

Jambo la pili, mavazi. Kava lilikuwa darasa la mitindo. Suruali za pekosi zilizopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, afro ya duara: yote tuliyaona hapo kabla hayajafika dukani. Ulikuwa unalibeba kava kwa fundi cherehani, unamwonyesha kola kwa kidole, unamwambia nataka hii hii. Na mkumbuke enzi zenyewe. Mwisho wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Huko barabarani msichana angesimamishwa kwa gauni fupi. Sebuleni, juu ya radiogramu, mwimbaji wa kike na gauni lake fupi alikuwa amekaa salama kabisa, na baba mwenye nyumba anamfuta vumbi.

#5 DadaWaRau
Shikamoo babu. Hilo la fundi cherehani nalithibitisha kwa mkono. Marehemu mama alikuwa anashona pale Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Ninalo kava lake la kundi la Boney M. Ukiligeuza juani unaona matundu madogo ya pini yamepanga mstari kwenye bega la mmoja wa wale kina dada, na nyuma kuna hesabu za penseli: kifua, kiuno, urefu. Alikuwa anaweka karatasi nyembamba juu ya picha, anaibana kwa pini, anafuatisha mkato wa shingo. Sahani yenyewe ina mikwaruzo, sindano inaruka. Kava silitoi kwa bei yoyote.

#6 FundiOfseti
Babu na dada mmeeleza kwa nini lilipendwa wakati ule. Mleta mada anauliza kwa nini linamvuta yeye leo, na simu anayo mfukoni. Nimefanya kazi ya uchapaji hapa Arusha miaka mingi, naomba niongee kiufundi kidogo.

Kwanza karatasi na wino. Skrini inakupiga mwanga wake machoni. Kava linapokea mwanga wa chumbani na kukurudishia, kwa hiyo rangi yake haichoshi, na inabadilika asubuhi na jioni. Chukua lenzi uangalie picha ya kava la zamani: ni nukta za rangi nne tu, buluu, nyekundu ya zambarau, njano na nyeusi. Kila rangi ilitengenezewa filamu yake, na filamu zilikuwa zinasahihishwa kwa mkono. Zikipishana kidogo, kingo za picha zinakuwa laini. Ule ulaini ndio watu leo wanautafuta kwenye programu.

Pili, kadi yenyewe. Marekani walikuwa wanachapa karatasi halafu wanaibandika kwenye kadibodi ngumu. Uingereza miaka ya 60 walichapa kwenye kadi, wakaifunika upande wa mbele kwa nailoni ing'ae, na masikio ya kadi yakakunjiwa nyuma na kugundishwa kwa nje. Ukipitisha kidole nyuma unayasikia. Hicho ni kitu, kina uzito. Faili halina.

Tatu, gharama ya kukosea. Ukishatengeneza bamba za kuchapia, kubadilisha herufi moja ni pesa. Watu walikuwa wanafikiri sana kabla ya kumpa fundi kazi. Mleta mada, mteja wako anakurudisha mara ngapi kwa kazi moja?

#7 MchoraMabango
Mkuu Fundi, mpaka wananitumia marekebisho usiku wa manane. "Ongeza moshi. Ongeza simba." Hoja ya gharama imeniingia.

#8 Jazi_na_Kahawa (Moshi)
Mnasahau kwamba kulikuwa na wakati makava hayakuwepo. Sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa zinauzwa kwenye mifuko ya karatasi ya kahawia, au zimefungwa pamoja kwenye jalada gumu kama daftari la mahesabu, jina ubavuni, basi. Aliyebadilisha ni kijana wa New York, Alex Steinweiss, alipoajiriwa na kampuni ya santuri ya Columbia. Mwaka 1940 aliwashawishi wamruhusu kuweka mchoro mbele, wakaona mauzo yanapanda. LP ya inchi 12 ilipokuja 1948, kampuni ile ile, yeye pia ndiye aliyesanifu kava la kadi la kuibebea.

Kwa hiyo miaka ya 50 na 60 fani ilikuwa changa na haina sheria. Angalieni makava ya Blue Note, kampuni ya santuri za jazi: Francis Wolff anapiga picha studio, mwanamuziki ametoka jasho, moshi wa sigara juu. Msanifu Reid Miles anachukua picha ile, anaikata vibaya kwa makusudi, anabakiza jicho na mdomo wa tarumbeta, halafu herufi zinajaa nusu ya kava. Rangi mbili tu, mara nyingi kwa sababu bajeti ni ndogo. Alitengeneza mamia ya makava, na mwenyewe alikuwa mpenzi wa muziki wa klasiki, jazi haikumgusa sana. Mimi naona siri iko hapo: mchoraji alikuwa huru. Hakuna aliyempa orodha ya simba na moshi.

#9 Kibosho_Sound
Uhuru ndio wenyewe. Fela Kuti wa Nigeria alikuwa anachora makava yake mwenyewe, yamejaa watu, polisi, maandishi, unasoma kama gazeti. Na Bob Marley, lile la 1979 lenye bendera zote za Afrika. Ukiliweka ukutani hata mgeni asiyejua reggae anasimama.

#10 Jazi_na_Kahawa (Moshi)
Kaka Kibosho, makava ya Fela yalichorwa na Lemi Ghariokwu, kijana wa Lagos aliyejifunza mwenyewe. Alianza na lile la Alagbon Close mwaka 1974, hajafika hata miaka 20. Litazame vizuri: Fela amekata mnyororo, na nyangumi anapindua boti ya polisi. Alimchorea Fela makava zaidi ya 20.

Na lile la Marley, Survival, la Neville Garrick, lina bendera nyingi za Afrika lakini si zote. Ya Afrika Kusini ya makaburu haimo. Na katikati ya zile za Afrika imo ya Papua New Guinea. Halafu kile kipande cha juu chenye jina, ukisogea karibu unaona ni mchoro wa meli ya watumwa, watu wamepangwa kama magunia. Wengi wanayo miaka na hawajawahi kuuona.

#11 Kibosho_Sound
Nimeenda kulitoa kabatini sasa hivi. Ile meli ipo! Garrick abarikiwe popote alipo.

#12 FundiRedio_Majengo
Wazee wa Lagos na New York, turudini nyumbani. Muziki wetu ulikuwa kwenye makava gani? Asilimia kubwa haukuwa na kava kabisa! Bendi zetu zilitoka kwenye sahani ndogo za inchi 7, mizunguko 45, wimbo sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Zilikuwa zinakandamizwa Nairobi, zinakuja kwenye bahasha ya karatasi yenye tundu la duara katikati ili usome lebo. Bahasha ile ile kwa bendi zote za kampuni. Na watu walizipenda kufa. Sasa niambieni: kama kava ndilo linavuta, mbona hizo zilitembea bila picha?

Jambo jingine la hapa kwetu kaskazini. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Namanga kimya, Holili kimya. Sahani zilizopita miaka hiyo zilipita porini na mizigo mingine, na LP si kitu cha kupitisha porini, inapinda. Ukikuta sanduku la mzee hapa Arusha au Moshi, utaona vitu vingi vinaishia hapo 1976, 1977, kisha zinaanza kanda za kaseti. Kwetu makava yaliacha kuja kabla dunia haijaacha kuyatengeneza. Huenda ndiyo sababu tunayaona ya thamani hivi.

#13 Kipimo
Fundi Redio, LP za Mbaraka Mwinshehe zilikuwa na makava. Mfululizo wa Ukumbusho, uliotoka kampuni ya Polydor. Sura yake unaiona.

#14 FundiRedio_Majengo
Sijasema hazikuwepo, nimesema asilimia kubwa. Na huo mfululizo ulikuwa wa kukusanya nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye 45. Mtu alipata sauti kwanza, sura baadaye, kama alivyosema babu.

#15 Mangi_wa_Pasua
Ndiyo maana nasema muziki ni wa Moshi. Arusha mlikuwa na nini? Vumbi na watalii.

#16 BabuWaKaloleni
Mangi, kaa chini. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga na Jamhuri Jazz wakaja hapa hapa Arusha, wakapiga kama Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka Kenya, ndipo ikazaliwa Simba Wanyika. Ukiona kava la Simba Wanyika sokoni usiseme hawa ni Wakenya. Njia yao imepita Arusha.

#17 Mangi_wa_Pasua
Nimekaa babu. Marangu hawajapita lakini?

#18 Nuru_Chuoni
Shikamooni. Mimi nina miaka 21, nimekua na simu, na kwetu hapakuwahi kuwa na santuri. Nilinunua LP ya kwanza kwenye mitumba ya Memorial, imechanganyika na mikoba. Sina hata mashine ya kuipigia. Kwa hiyo hoja ya babu ya kukosa televisheni hainihusu, na hoja ya kukumbuka ujana hainihusu pia. Bado nililichukua.

Nililochukua ni la ABBA, la 1976, wako wanne ndani ya helikopta ndogo ya vioo, jua linazama, wamevaa nyeupe. Hakuna anayecheka. Nimelitazama sana na bado sijui wanafika au wanaondoka. Jina la albamu, Arrival, linasema wanafika, nyuso zao hazisemi hivyo. Kwangu mimi hicho ndicho kinachovuta: kava halijamaliza kukueleza. Makava ya leo yanakueleza kila kitu kwa sekunde moja ili usipite.

#19 Kipimo
Dada Nuru umeongea. Ila na mimi nina swali la kuwavurugia. Je, hatuyaoni mazuri tu kwa sababu mabaya yametupwa? Zilitoka santuri elfu kwa elfu za kwaya na bendi za hotelini, picha ya mtu na maua ya plastiki, herufi za hovyo. Hizo hakuna aliyezitunza. Tunalinganisha mchele uliokwisha kupembuliwa na gunia zima la leo.

#20 FundiOfseti
Kipimo, hata hayo mabaya yana mvuto wake kwenye karatasi. Nimeyaona. Wino ni ule ule.

#21 Jazi_na_Kahawa (Moshi)
Na tusisahau kuna makava makubwa ambayo karibu hayana kitu. Lile jeupe la Beatles la 1968, kazi ya Richard Hamilton: nyeupe tupu, jina limegongwa bila wino, na namba imepigwa juu. Lile la Pink Floyd la 1973 lenye mwanga unaopita kwenye pembetatu ya kioo, mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Rangi na nukta za Fundi Ofseti zinaelezaje nyeupe tupu?

#22 FundiOfseti
Nyeupe ya kadi si sawa na nyeupe ya skrini. Ile namba na yale maandishi ya kugongwa unayasikia kwa kidole. Narudi pale pale.

#23 Kibosho_Sound
Mnalijua lile la Rolling Stones la 1971, wazo la Andy Warhol, lenye zipu ya kweli kwenye picha ya jinzi? Zikipangwa dukani moja juu ya nyingine, zipu ya moja inabonyeza sahani ya jirani. Wakaamua zipu ishushwe mpaka katikati kabla ya kusafirisha, ili ikibonyeza ibonyeze lebo, isiguse nyimbo. Kwa sanaa ya kava watu walikubali kuharibu muziki!

#24 MchoraMabango
Wakuu, nimesoma yote kwa makini na nawashukuru. Mpaka sasa sijashawishika na sababu moja. Ya Kipimo kuhusu ukubwa ni kweli, lakini nimechapa kava langu kwa sentimita 31 nikalitundika ofisini, na bado halikuwa kitu. Ya uhuru ni kweli, lakini nikipewa uhuru mteja hayupo huwa nakwama. Ya Nuru ndiyo imenikaa kichwani tangu nilipoisoma. Nimeanza kufuta vitu kwenye kazi iliyopo mezani. Nimetoa simba.

#25 MamaSanturi_Njiro
Samahani kwa kuchelewa. Mmezungumza yote bila kutaja muda. Upande mmoja wa LP ni kama dakika 20. Hamtembei nayo. Umeweka sindano, umekaa, mikono haina kazi. Unafanya nini? Unalishika kava. Unasoma nyuma: nani kapiga besi, nani kaandika, studio ipi. Ukimaliza unalianza tena, halafu wimbo unaoupenda unafika na macho yako yako kwenye kona fulani ya picha. Kesho ukiiona kona ile, wimbo unaanza wenyewe kichwani. Leo wimbo unasikika kwenye bodaboda, kwenye foleni, na kava mtu halioni kabisa. Hata lichorwe na Lemi mwenyewe halitapata dakika 20 za mtu.

#26 Nuru_Chuoni
Mama, lakini mimi sina mashine, sijausikiliza wimbo hata mmoja wa lile la helikopta kwa santuri.

#27 MamaSanturi_Njiro
Njoo Jumamosi mwanangu, mashine ninayo. Tuone kama utalitazama vile vile.

#28 DadaWaRau
Mkiwa hapo naomba msaada. Kava la mama limeanza kugeuka rangi, wekundu umepotea, nyuso zimekuwa za kibuluu. Na limetokea alama ya duara katikati. Nimelitundika sebuleni, dirisha linatazama magharibi.

#29 FundiOfseti
Liondoe leo, dada. Jua linakula nyekundu na njano kwanza, linabakiza buluu na nyeusi. Zikishaondoka hazirudi. Lichapishe nakala ya picha utundike hiyo, lenyewe liweke kabatini. Ile duara ni sahani iliyo ndani inachubua kava kwa sababu yalilazwa moja juu ya jingine. Yasimamishe wima kama vitabu, yasibanane, yasilegee yakainama. Ukiweza toa sahani uiweke kwenye bahasha yake pembeni.

#30 FundiRedio_Majengo
Ongeza na hili kwa watu wa Moshi. Masika, Machi mpaka Mei, ukuta unatoa jasho. Usiegemeze kabati ukutani, acha nafasi ya ngumi. Ukungu ukitokea futa kwa kitambaa kikavu laini, uyaanike kivulini penye upepo. Maji yasiguse kadi isiyo na nailoni. Na mende wanapenda gundi ya kwenye mikunjo kuliko ugali, kwa hiyo msiweke sebule inayoliwa chakula.

#31 Mangi_wa_Pasua
Kuna baa moja wametundika makava ukuta mzima, sahani wamezitupa. Pana raha pale, lakini roho inaniuma.

#32 BabuWaKaloleni
Kuzitupa ni dhambi, kuyatundika si dhambi. Mwambieni mwenye baa, sahani kama bado ziko stoo, mimi nitazifuata na kuzilipia. Hata zenye mikwaruzo.

#33 Mangi_wa_Pasua
Namuuliza jioni babu. Lipo na moja la Mbaraka pale ukutani, karibu na jiko. Moshi wa nyama choma unalipata.

#34 FundiOfseti
Hilo la jikoni litolewe kwanza kabla hujauliza lolote.